Amana ya Elimu: Kutoka Baghdad Hadi Singida

Ndugu msomaji, kijana wetu wa Pwani akipangiwa kazi ya ualimu Singida, halazimiki kuiacha kazi ndipo asome chuo kikuu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, na Singida kina kituo chake. Zamani elimu ya mbali ilitegemea posta; leo masomo mengi hupitia intaneti.

Neema hiyo ina mtihani wake. Mwanafunzi yu peke yake usiku, mwalimu yuko mbali, na maandishi ya watu yamejaa mbele yake. Akiyanakili na kuyatia jina lake, au akimlipa mtu amwandikie, nani atamwona? Ndiyo sababu vyuo hufundisha uaminifu wa kitaaluma pamoja na masomo yenyewe.

Wako wanaodhani kwamba kutaja chanzo ni desturi ya Wazungu. La, sivyo. Imesimuliwa kwamba Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870), alipofika Baghdad wanazuoni walitaka kumpima. Watu kumi walimsomea Hadithi 100, kila mmoja kumi, na isnadi zake wamezichanganya makusudi. Kwa kila moja alijibu kuwa haijui. Walipomaliza, alizirudia zote, akairejesha kila Hadithi kwenye isnadi yake. Tazama basi: hakupimwa kwa maneno tu, bali pia kwa kujua yamepokewa kwa nani.

Wala wizi wa maandishi haukuanza na intaneti. Jalaluddin as-Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala nzima ya kumpambanua mtunzi na mwizi.

Chuo kinaweza kuwa na mitambo ya kugundua yaliyonakiliwa. Lakini mwalimu aliyepata shahada kwa jasho la mwingine atasimama mbele ya watoto wa watu akiwa mtupu, na hasara itakuwa yao.

Basi sisi wazazi, kijana anapotupigia simu kutoka Singida kutuambia amefaulu, tumpongeze, kisha tumwulize amesoma nini na kwa nani. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atuepushe na sifa tusizozistahiki. Amin.