Jina la Tunis Katika Uzi wa Ulaya

Katika kazi ya kufuma kwa kulabu, yaani kroshia, umo mtindo uitwao wa Kitunisi. Alisikiaye jina hilo hudhani kuwa ulizaliwa katika vichochoro vya mji wa Tunis. Lakini vilivyoueneza ni vitabu vya kazi za mikono vilivyopigwa chapa Ulaya katika karne ya 19. Waingereza waliuita pia tricot, na Wamarekani wakaunasibisha na Afghanistan kwa kuuita Afghan. Mwaka 1886 Thérèse de Dillmont, mzaliwa wa Wiener Neustadt huko Austria, aliutia katika kitabu chake kikubwa cha kazi za sindano, kilichotolewa Dornach, Alsace, na jina la Tunis likazidi kukita.

Mtindo wenyewe una tabia yake. Katika kroshia ya kawaida kila kitanzi humalizwa kabla ya kingine kuanzwa. Katika mtindo wa Kitunisi kulabu huwa ndefu, na kila safu hufumwa kwa safari mbili. Katika safari ya kwenda, vitanzi huokotwa na kuachwa vyote juu ya kulabu. Katika safari ya kurudi, hufungwa kimoja baada ya kingine. Kitambaa hakigeuzwi, uso wake humtazama mfumaji tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachopatikana ni kitu kizito, kilichoshikana, chenye kupenda kujikunja pembeni. Ndiyo maana aghalabu kilitumika kwa mablanketi na mashali ya kuzuilia baridi.

Kukitia matundu kitambaa cha namna hiyo ni kushindana na tabia yake, na hapo ndipo wafumaji walipopata uwanja wa majaribio. Njia nyepesi ni kuchukua kulabu nene kwa uzi mwembamba, vitanzi vikapumua. Njia ya pili hutaka hesabu. Wakati wa kurudi, vitanzi vinne hufungwa kwa pamoja vikawa kimoja. Kisha mfumaji husuka mnyororo wa vitanzi vitatu mahali pa vile vilivyomezwa. Safari inayofuata huokota kimoja juu ya fungu na vitatu katika mnyororo, na idadi hurudi kuwa nne. Asiyelipa vile vitatu, kitambaa humpungukia ubavuni. Tundu, basi, si mahali palipokosa kazi; ni mahali ambapo kazi imehesabiwa mara mbili. Mshonaji wa kofia za viua katika mwambao wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa jambo hilo, kwani kila kiua chake hutobolewa na kuzungushiwa uzi, na uzuri wa kofia hupimwa kwa viua hivyo.

Huko Tunis kwenyewe, je, wanawake walikuwa wakifuma nini? Walifuma chechia, kofia nyekundu ya sufu iliyo ndugu wa tarbushi. Kazi hiyo ilistawi baada ya Waislamu wa Andalusia kufukuzwa Hispania kuanzia mwaka 1609 na wengi wao kuhamia Tunis. Wanawake wa Ariana waliifuma kwa sindano, nyeupe na kubwa kupita kichwa. Kisha ilipelekwa El Batan, penye mto Medjerda, ikakandwa kwa maji ya moto na sabuni hata sufu ikajikaza na kila tundu likazibika. El Alia ilichanwa kwa miiba ya mmea. Zaghouan ilitiwa rangi. Na mafundi wa sokoni Tunis wakaikamilisha. Kwa hiyo ufumaji uliotukuzwa Tunis ulikuwa ule wa kufuta matundu.

Chechia hizo ziliuzwa katika nchi nyingi za dola ya Uthmaniya. Lakini katika karne hiyohiyo ya 19, viwanda vya Ufaransa na Austria vilitengeneza kofia za kuiga kwa bei nafuu, vikaliteka soko, na kazi ya Tunis ikadhoofika. Hapa pana jambo la kutafakari. Wakati jina la Tunis lilipokuwa likipamba kurasa za vitabu vya Ulaya, riziki ya wafumaji wa Tunis ilikuwa ikihamia Ulaya. Walioazima jina hawakuiazima kazi; na walioiga kazi waliwanyang'anya wenyewe wanunuzi.

Hayo hayaupunguzii thamani mtindo wa Kitunisi. Mikono iliyobuni matundu yake ilikuwa na akili na subira, na mingi kati yake ilikuwa ya wanawake ambao majina yao hayakuandikwa, sawa na wale wa Ariana. Lakini haki inataka kila kundi litajwe kwa kazi yake: hawa walioyafungua matundu katika kitambaa kizito, na wale walioyafunga hata maji ya mvua yasipenye.