Picha kama Nyaraka: Historia ya Kupimwa kwa Enceladus

William Herschel aligundua Enceladus, mmoja wa miezi ya sayari ya Zohali, mwaka 1789. Katika darubini yake huko Uingereza ulikuwa nukta ya nuru tu. Katika insha hii ninaeleza jinsi nukta hiyo ilivyopata ukubwa na umbo, nikitetea hoja kwamba ugunduzi haukamiliki siku kitu kinapoonekana mara ya kwanza.

Vyombo vya Marekani, Voyager 1 na Voyager 2, vilipita karibu na Zohali mwaka 1980 na 1981. Picha zake zilionyesha tufe la barafu lenye kipenyo cha takriban kilomita 500. Upimaji ulifanyika hivi: umbali wa kamera ukijulikana, hujulikana pia kila nukta ya picha inachukua kilomita ngapi. Mpimaji hufuata ukingo wa mwezi unaong'aa mbele ya anga jeusi, kisha hutafuta duaradufu inayolingana nao. Picha za pande mbalimbali hukamilisha umbo. Hata hivyo, vyombo hivyo vilikuwa wapita njia.

Cassini, kilichozunguka Zohali kuanzia 2004 hadi 2017, kilileta picha nyingi zaidi. Zilionyesha kwamba Enceladus si duara kamili: nusukipenyo zake tatu ni takriban kilomita 257, 251 na 248. Mwaka 2005 ilibainika pia kwamba mvuke na chembe za barafu vinafoka kwenye ncha yake ya kusini. Swali likazuka: je, chini ya barafu kuna bahari ya kusini tu, au imeuzunguka mwezi wote?

Peter Thomas wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walifuatilia mahali pa kreta katika picha za miaka saba. Mwaka 2015 walitangaza kwamba mwezi huo huyumba kwa nyuzi 0.12, sawa na takriban nusu kilomita kwenye ikweta yake. Gamba lililoshikamana na kiini lisingeyumba kiasi hicho. Kwa hiyo bahari imelitenga gamba lote na kiini.

Hakuna picha moja iliyotosha kuthibitisha jambo hilo; ushahidi ulitokana na kulinganisha zilizohifadhiwa. Ndiyo maana siafiki mazoea yetu ya kuandika jina moja na mwaka mmoja mbele ya kila ugunduzi. Kufanya hivyo ni kuwasahau waliotunza kumbukumbu na waliozisoma upya.