Jela Iliyomfanya Mtu Mwizi

Mwaka 1932 Hollywood ilitoa filamu iitwayo I Am a Fugitive from a Chain Gang, iliyotokana na kitabu cha Robert Burns, aliyetoroka kifungoni mara mbili huko Georgia, Marekani. Paul Muni anaigiza askari aliyerudi kutoka vitani, akalazimishwa kwa bastola kushiriki wizi, akatiwa minyororo na kuponda mawe. Mwishoni mpenzi wake anamwuliza anaishije. Anajibu kutoka gizani kwamba anaiba.

Nilipokuwa mwalimu mkuu nilimchapa mwanafunzi kwa kosa la mwenzake. Ukweli ulipojulikana, sikumwomba radhi; nilichelea heshima yangu. Georgia ilikawia hadi mwaka 1945 ndipo ikampunguzia Burns adhabu, akawa huru. Mimi nimekawia zaidi.