Sayansi kwa vitendo

Sayansi kwa vitendo ni njia ya ufundishaji ambayo kwayo mwanafunzi wa shule ya msingi hutazama, hupima na kujaribu mwenyewe badala ya kunakili ubaoni tu. Nchini Tanzania inaafikiana na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Julius Nyerere mwaka 1967. Kwa mfano, Mafinga, makao makuu ya Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, ina mazingira yanayoifaa mno: wilaya hiyo ina shamba la miti la Sao Hill, hivyo miche ya misindano huweza kupimwa ukuaji wake; pia udongo wa kichanga huweza kulinganishwa na wa mfinyanzi kwa kasi ya kupitisha maji, jaribio ambalo halihitaji maabara bali chupa zilizokatwa, pamba na saa.