Mfinyanzi Hulia Gaeni: Kombe za Ukutani na Mtungi wa Bibi

Leo tunaanza na jambo linalotuuma.

Bibi yetu alipofariki, baada ya arobaini na baada ya mirathi kugawiwa kisheria, tulikaa ukumbini kugawana vile vitu vidogo vidogo alivyoviacha: kanga, seti ya vikombe vya kahawa, na kombe saba za kauri zilizokuwa ukutani tangu tupate akili. Kombe zile nusura zitugombanishe. Tulizifunga moja moja kwa magazeti na kanga kuukuu, kila aliyepata akaondoka na yake ameikumbatia kama mtoto. Mtungi wake wa maji, ule wa udongo uliokaa pembeni mwa mlango na kata ya kifuu juu yake, haukutajwa na mtu. Ulipelekwa uani, ukawa wa kunyweshea kuku, ukapata ufa, na siku moja hatukuuona tena.

Miaka ikapita. Katika arusi moja, shangazi yetu mkubwa aliuliza, "Na ule mtungi wa Mluguru anao nani?" Tukatazamana. Ndipo tulipojua kwamba mama yake bibi alikuwa Mluguru, asili yake milima ya Morogoro, na kwamba mtungi ule aliufinyanga kwa mikono yake hapa hapa Unguja, kwa namna aliyofundishwa na mama yake. Sisi tumelelewa tukisimuliwa habari za babu aliyetoka Arabuni. Habari za Mluguru hatukusimuliwa, wala hatukuuliza.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma na kuuliza watu: kwa nini kombe iwekwe ukutani na mtungi uwekwe uani? Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kauri ukutani

Mapenzi ya watu wa pwani kwa kauri ni ya karne nyingi. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zina zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu, na ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli zilizovuka bahari. Misikiti ya zamani ilipambwa kwa bakuli zilizogandishwa katika chokaa. Ukienda Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, utaona makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyowekewa bakuli za Kichina za buluu na nyeupe. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya, kama vile vya Maastricht huko Uholanzi, vilianza kutuletea bakuli za maua za bei nafuu, na hata nyumba ya kawaida ikaweza kuwa na kitu cha kuangikwa.

Chombo kile kilikuwa kinasema. Kilimwambia mgeni kuwa nyumba hii ina jamaa ng'ambo, ina watu wa jahazi, imeunganika na ulimwengu. Mama alimwachia binti, binti akamwachia mjukuu, na pamoja na sahani ikarithiwa hadithi ya mahali ilikotoka.

Hata wataalamu walivutwa na kauri hizo. Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, mtaalamu mashuhuri wa mambo ya kale kutoka Uingereza, alitembelea magofu ya pwani ya Tanganyika, akatoa kauli iliyokaririwa miaka mingi baadaye: kwamba tangu karne ya 10 historia ya nchi hii iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri za Kichina.

Kauri zinasaidia kweli kujua tarehe, maana mitindo ya Uchina inajulikana vizuri. Lakini waliochimba wakahesabu vigae walikuta jambo jingine. Katika miji ya kale ya pwani vyombo vya kutoka ng'ambo ni sehemu ndogo tu ya vilivyomo ardhini. Vingi mno ni vyungu vya hapa hapa, vya udongo wetu, vilivyopikiwa wali na samaki mpaka vikapasuka. Kama kauri imeandika historia, basi imeandika ukurasa mmoja, na kitabu kizima kimeandikwa kwa vyungu.

Kutoka Unguja Ukuu hadi Dakawa

Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa chetu, ulikuwa mji ulioshamiri zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mark Horton alifanya utafiti huko katika miaka ya 1980, na baadaye Mzanzibari Abdurahman Juma alichimba kwa kina na kuchapisha kitabu chake mwaka 2004. Ardhini mlikuwamo vipande vya mitungi ya rangi ya kung'aa kutoka Ghuba, vyombo vya Uchina na shanga za kioo. Na mlikuwamo vigae vingi sana vya vyungu vya kienyeji, ambavyo shingoni vimechorwa mistari ya pembetatu, pembetatu moja ikifuata nyingine, iliyokwaruzwa udongo ukiwa bado mbichi.

Wataalamu wameyapa mapambo hayo majina tofauti. Horton aliyaita kwa jina la mto Tana wa Kenya. Felix Chami, mtaalamu wa Kitanzania, katika kitabu chake cha mwaka 1994 aliyaita kwa zile pembetatu zake. Hoja ya Chami ilikuwa nzito kuliko jina: kwamba waliofinyanga vyombo hivi walikuwa wakulima na wafua chuma wenye asili ya pwani na bara yake, na kwamba miji ya Waswahili ilitokana nao. Wageni waliotoka ng'ambo waliwakuta watu nyumbani kwao, na vyungu vikiwa jikoni.

Sasa tuvuke maji. Dakawa iko kaskazini mwa mji wa Morogoro, kama kilometa 40 kwa barabara ya Dodoma. Wengi tunaijua kwa mpunga wake. Huko nako wataalamu walichimba, zaidi ya kilometa 100 kutoka baharini, wakakuta mabaki ya ufuaji chuma, na pamoja nayo vigae vya jamii ile ile ya vyungu, vyenye pembetatu zile zile za shingoni. Kipande cha Dakawa na kipande cha Unguja Ukuu ukiviweka mkononi pamoja, ni ndugu.

Mto Wami hupita hapo Dakawa, ukateremka mpaka baharini upande wa Saadani, ukikitazama kisiwa chetu. Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru, ambayo kilele chake hupita meta 2,600, nao huishia karibu na Bagamoyo. Kabla ya karne ya 10, watu waliokunywa maji ya mito hii na watu wa visiwa walikuwa wakipamba vyungu vyao kwa mkono mmoja.

Mikono ya kina mama

Vigae havina sahihi, na aliyevichora hatumwoni. Lakini katika sehemu nyingi za nchi yetu, hadi zama za babu zetu, kufinyanga vyungu kulikuwa kazi ya wanawake, na ujuzi ulitoka kwa mama kwenda kwa binti. Kwa Waluguru jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu ukoo wao hufuatwa kwa upande wa mama, na kwa desturi ardhi ya ukoo nayo ilifuata njia hiyo.

Kazi yenyewe haina gurudumu. Udongo huchimbwa bondeni, huchambuliwa mawe, hupondwa, na huchanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa ili chombo kisipasuke motoni. Chungu cha zamani kilichovunjika huweza hivyo kuingia mwilini mwa chungu kipya. Mfinyanzi hupandisha kuta kwa mikono, hukwangua kwa kipande cha kibuyu, hulainisha kwa kokoto, na huchora shingoni kabla udongo haujakauka. Udongo upate ungali maji, walisema wazee. Kisha chombo hukaa kivulini siku kadhaa, ndipo kichomwe kwa kuni na nyasi mahali pa wazi. Upepo ukibadilika vibaya, kazi ya wiki nzima huvunjika.

Karne ya 19 ilileta njia nyingine kati ya Morogoro na Unguja, na hiyo tuitaje kwa ukweli wake. Misafara iliyopangwa Unguja ilipita Bagamoyo ikafika chini ya Uluguru, kwenye mji wenye boma wa Simbamwene uliojengwa na Kisabengo. Stanley alipopita hapo mwaka 1871 alikuta mtawala ni mwanamke, binti wa Kisabengo. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, nguo na shanga, na ilipitisha watu waliouzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria visiwani mpaka mwaka 1897. Watu wengi wa bara wamekuja visiwani kwa njia hiyo, na wengine baadaye kwa kutafuta kazi. Familia ya mama yake bibi ilikuja vipi, hakuna aliyebaki wa kutueleza. Tunachojua ni kwamba mikono yake haikusahau kufinyanga.

Hapo ndipo tulipoanza kuielewa ile kombe na ule mtungi. Kombe ilitaja ng'ambo, na ng'ambo ilikuwa fahari. Mtungi ulitaja bara, na bara lilitajwa kwa sauti ya chini. Tulipochagua kipi kiende ukutani, tulikuwa tunachagua pia ni bibi gani atajwe.

Bakuli la mnyonge

Wapo watu waliofundishana kukitazama chombo duni kwa jicho jingine. Japani, katika karne ya 16, watu wakubwa walipenda kunywa chai katika vyombo vya kifahari vya Kichina. Mwalimu wa chai Sen no Rikyu, aliyefariki mwaka 1591, aliwaongoza kwenye vyumba vidogo na mabakuli yaliyofinyangwa kwa mkono, yasiyo na mapambo na yenye umbo lisilolingana sawasawa. Bakuli moja liitwalo Kizaemon, lililotoka Korea, inaaminiwa lilitengenezwa liwe chombo cha kawaida cha watu wa kawaida. Leo limehifadhiwa katika hekalu mjini Kyoto na limetangazwa kuwa hazina ya taifa. Yanagi Soetsu, aliyelisifu sana bakuli hilo, aliongoza harakati za kukusanya vyombo vya mafundi wasiojulikana majina, na mwaka 1936 jumba lao la makumbusho likafunguliwa Tokyo.

Upepo huo ulifika Afrika kwa njia ndefu. Hamada Shoji wa Japani na Mwingereza Bernard Leach walianzisha karakana huko St Ives, Uingereza, mwaka 1920. Mwanafunzi wa Leach, Michael Cardew, baadaye alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria, na huko alikuwako Ladi Kwali, mwanamke aliyekwisha kuujua ufinyanzi tangu utotoni kijijini kwao. Katika miaka ya 1970 alifika hapo binti wa Kenya, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akajifunza kwa kina mama kupandisha chombo kwa mikono bila gurudumu. Leo vyombo vyake vyeusi vya kung'aa vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, na mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha heshima cha Dame.

Hatusemi chungu cha Mluguru kina thamani kwa sababu Wajapani wamependa vya kwao. Tunasema tu kwamba jicho hufundishwa. Na sisi Waislamu tungekuwa wepesi zaidi kufundishika. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametukataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Na Suratur-Rahman, aya ya 14, inatukumbusha kuwa mwanadamu ameumbwa kwa udongo mkavu mfano wa vyombo vya mfinyanzi. Inakuwaje tukione duni kitu ambacho Mola wetu ametufananisha nacho?

Tufanye nini basi

Hatuwaambii mziondoe kombe. Zetu zipo bado, na kila Shaaban tunaziosha kwa mikono yetu wenyewe. Tunaomba mambo machache.

Kama kwenu kuna mtungi, chungu, mkungu au chetezo cha zamani, muulize mzee aliye hai leo: nani alifinyanga, wapi, kilitumika kwa nini, kilifikaje hapa. Andika karatasini, weka tarehe, uiweke ndani ya chombo hicho hicho. Ukipita Morogoro au kwingine bara ukakuta mama anauza vyungu, muulize jina lake na kijiji chake kabla ya kuuliza bei, na bei yenyewe usiivunje sana. Na ukitembea Unguja Ukuu ukaona kigae chenye pembetatu, kiache pale kilipo, uwaarifu watu wa makumbusho na mambo ya kale, kwa sababu kigae kikishaondolewa mahali pake kinakuwa bubu.

Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni: anayewafinyangia watu vyombo vizima, yeye mwenyewe hula katika kipande kilichovunjika. Mama yake bibi yetu hata gae hatukumwekea. Tumebakiwa na chetezo kimoja tu, ambacho shangazi alikuwa nacho na ametupa. Mdomoni kina mistari iliyokwaruzwa kwa kitu chenye ncha. Tumekiweka ukutani, katikati ya kombe mbili, na Alhamisi usiku tunakiteremsha, tunakitia udi, tunamwombea dua Mluguru ambaye jina lake halisi bado tunalitafuta.