Tamthilia ndefu, mkanda mfupi

Nyumbani kwetu Tanga palikuwa na mkanda mmoja wa video wa E-180 ulioandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino: USIFUTE. Ndani yake mlikuwa na tamthilia ya jioni, nusu saa kila wiki, iliyonaswa kwa kubonyeza vitufe viwili vya deki kwa pamoja. Mkanda ulikuwa wa dakika 180. Sehemu ya sita ilikatika mhusika akiwa ameshika kitasa cha mlango, na mpaka leo sijui kama aliingia au aligeuka.

Historia ya fomati za video husimuliwa kama mashindano ya ubora wa picha. Kwa mtazamaji wa tamthilia naiona kwa namna nyingine: ni historia ya urefu. Filamu ina saa mbili na inakwisha. Tamthilia haikwishi, na kila fomati iliyoshinda mitaani kwetu ilishinda kwa sababu ilimeza sehemu nyingi zaidi kwa bei ndogo zaidi.

Mwaka 1975 Sony ilipotoa Betamax, kaseti yake ilikuwa ndogo na picha yake ilisifiwa, lakini ilibeba saa moja tu. Mwaka uliofuata JVC ikaleta VHS ya saa mbili. Sony ikaongeza muda, VHS nayo ikaongeza tena, na katika nchi zetu mkanda uliozoeleka ukawa huo E-180, wa saa tatu. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili ukitazame baadaye si kosa. Kesi hiyo ilikuwa dhidi ya Sony yenyewe. Sony ikashinda mahakamani huku Betamax ikishindwa madukani.

Nitatumia Jumong kama kipimo. Tamthilia hiyo ya Korea Kusini, iliyorushwa na kituo cha MBC kuanzia 2006 hadi 2007, ina sehemu 81 za takribani saa moja kila moja. Kwa Betamax ya mwanzo zingehitajika kaseti 81. Kwa E-180, mikanda 27, yaani kabati zima.

Urefu haukuwa tatizo pekee. Ulimwengu wa televisheni ya rangi uligawanyika mafungu matatu. Marekani walikuwa na NTSC, mistari 525 na karibu picha 30 kwa sekunde. Ujerumani, kwa kazi ya mhandisi Walter Bruch wa Telefunken, walitoa PAL yenye mistari 625 na picha 25. Ufaransa walishika SECAM, na mfumo huo ukafuata lugha yao hadi Zaire. Zanzibar, iliyoanza televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970 kabla ya nchi nyingine yoyote kusini mwa Sahara, ilikwenda na PAL. Kwa hiyo mkanda aliokuletea mjomba kutoka Marekani, ukiuingiza kwenye deki ya PAL, ulikuonyesha michirizi myeusi na myeupe inayopanda na kushuka. Waliosafiri Dubai walirudi na deki zenye mifumo yote mitatu, na nyumba yenye deki hiyo haikukosa wageni. Kuugeuza mkanda wenyewe kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kulikuwa kazi ya mitambo ghali: picha 30 za sekunde moja zipangwe upya ziwe 25, na ukitazama mtu akitembea kwenye nakala hiyo, hatua zake zinaruka.

Tanzania Bara ilikuwa na hali ya pekee. Mpaka 1994, ITV ilipoanza, wengi walijua video kabla ya kujua kituo cha televisheni. Deki ilitangulia. Ndiyo maana utamaduni wetu wa kutazama uliota kwenye vibanda vya video, na ndani ya vibanda hivyo ukazaliwa ugeuzaji ambao hauhusu mistari wala picha kwa sekunde. Mtu aliyejulikana kwa jina la Lufufu alisimama mbele ya watazamaji akieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili, kisha akaanza kuirekodi sauti yake juu ya mkanda wenyewe, na nakala zikasambaa. Kenya baadaye wakampata msimulizi wao, DJ Afro. Mimi nawahesabu hawa miongoni mwa mafundi wakubwa wa fomati katika nchi zetu: walichukua kitu kisichochezeka katika masikio ya watu wao, wakakifanya kichezeke. Hasara ilikuwa kwenye nakala. Mkanda ulionakiliwa kutoka mkanda ulionakiliwa ulipauka kila hatua, mpaka nyuso zikawa madoa na sauti ya msimulizi ndiyo iliyobeba hadithi nzima.

VCD, iliyowekewa kanuni mwaka 1993, ilipita haraka lakini ilibadilisha biashara. Diski moja ilibeba dakika 74 za picha ndogo, 352 kwa 288, isiyo bora sana kuliko VHS. Ilikuwa rahisi kuchoma, basi. Jumong kwa VCD ni diski 81. Tamthilia ndefu haikuipenda.

DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996 ikiwa na gigabaiti 4.7 na picha nzuri kweli, lakini ilikuja na uzio. Dunia ilikatwa kanda: Marekani namba 1, Uingereza na nchi za Ghuba namba 2, Tanzania na Kenya namba 5. Ndugu wa Muscat akikununulia tamthilia dukani kwa fedha yake halali, deki yako ilikuwa na haki ya kuikataa. Naona hadi leo kwamba uzio huo uliwaadhibu wanunuzi waaminifu peke yao. Mafundi waliuvunja kwa tarakimu za siri kwenye rimoti, na deki nyingi za bei nafuu hazikuujali tangu mwanzo.

Kilichofungua mlango wa sizoni nzima kilitoka kwa Mfaransa Jérôme Rota, aliyeichezea kodeki ya Microsoft, yaani programu ya kubana video, mwishoni mwa miaka ya 1990 ili ikubali kukaa ndani ya faili la AVI. Ikaitwa DivX. Saa moja ya tamthilia ikashuka hadi megabaiti 350 hivi, na deki za DVD zilipoanza kuisoma, diski moja ikaweza kubeba sehemu kumi na mbili. Jumong yote: diski saba, ndani ya mfuko mmoja wa nailoni. Leo inaingia kwenye flashi moja ya gigabaiti 32, na nafasi inabaki.

Hapo ndipo tulipofikia, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Majina kama AVI, MKV na MP4 ni ya vyombo, si ya chakula. MKV, iliyoanza 2002 na kupewa jina kutokana na wanasesere wa Kirusi wanaokaa mmoja ndani ya mwingine, hubeba picha, sauti za lugha kadhaa na maandishi ya tafsiri. Kilichomo mara nyingi ni picha iliyobanwa kwa kodeki ya H.264, ya mwaka 2003, na hiyohiyo hukaa ndani ya MP4. Kwa hiyo runinga ikikataa MKV yako, jaribu kwanza kuhamisha kilichomo kwenda chombo kingine bila kukipika upya. FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, hufanya hivyo kwa muda mfupi sana na picha haipotezi chochote. Picha ikionekana na sauti isisikike, tatizo ni sauti peke yake: igeuze iwe AAC, picha iache. Anayepika upya faili zima kila linapokataa anarudia kosa la mkanda wa nakala ya nakala.

Mkanda wetu wa Tanga niliuhamisha mwaka jana. Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho wa deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji mwaka 2016, hivyo nilitumia deki kuukuu iliyosafishwa hedi mara mbili. Mkanda hauharakishwi. Dakika 180 huchukua dakika 180, nawe unakaa ukiutazama. Niliacha picha 25 kwa sekunde kama zilivyokuwa, sikuikuza kuwa kubwa kuliko ilivyozaliwa, nikahifadhi kwa MP4 ili mama aione kwenye simu yake. Aliifungua jioni hiyohiyo. Tamthilia hakuitazama sana. Aliyarudia mara tatu matangazo ya biashara yaliyonaswa katikati, kwa kuwa yalimrudishia jioni zile: redio ya baba kutoka chumba cha pili na mlio wa dirisha likifunguliwa, sauti ambazo hazimo kwenye mkanda ila alizikumbuka mwenyewe.