Wanaume 11 Juu ya Chuma: Stori ya Ajira Nyuma ya Picha Inayojulikana Dunia Nzima

Picha hii unaijua hata kama hujui ilipigwa wapi. Wanaume 11 wamekaa kwenye boriti moja ya chuma, miguu inaning'inia hewani, wanakula msosi wa mchana. Wa kwanza kushoto anamwashia mwenzake sigara. Wa mwisho kulia kashika chupa na anaitazama kamera moja kwa moja. Hakuna mkanda, hakuna helmeti, ni kofia za kitambaa tu. Kutoka pale hadi barabarani ni zaidi ya mita 250. Picha ipo saluni, ipo kwenye fulana, na mitandaoni watu wanaichezea kila siku kwa kubandika sura za wachezaji au za washikaji zao wa kazini.

Wengi wakiiona wanaongelea kimo. "Watu wa zamani walikuwa na roho ngumu!" Sawa, lakini ilipotoka kwenye gazeti la New York Herald Tribune, Jumapili ya tarehe 2 Oktoba 1932, Marekani ilikuwa kwenye hali ambayo maajabu hayakuwa kimo peke yake. Ajabu nyingine ilikuwa hii: wanaume 11 wa mjengo, wote kwa pamoja, wana kazi.

KIVUMBI CHENYEWE

Oktoba 1929 soko la hisa la New York liliporomoka. Mabenki yakaanza kufunga, viwanda vikapunguza watu, na ule uliokuja kuitwa Mdororo Mkuu ukaanza. Kufikia 1933, karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye nguvu za kufanya kazi Marekani hakuwa na ajira.

Mjengo uliumia kuliko sekta nyingi. Sababu haihitaji shule kubwa. Uchumi ukiyumba, mtu ataendelea kununua mkate na sabuni, lakini nyumba atasema ngoja kwanza. Mwaka 1929 zilianza kujengwa nyumba mpya zaidi ya 500,000 nchi nzima. Mwaka 1933 hazikufika 100,000. Kila nyumba ambayo haikujengwa ina fundi wa matofali, seremala, fundi bomba, fundi umeme, mpaka rangi na saidia fundi waliobaki nyumbani wakihesabu siku.

Sasa swali linakuja. Kama hali ilikuwa hivyo, yale maghorofa makubwa ya New York yaliendeleaje kupanda juu?

JENGO HALINA BREKI ZA HARAKA

Kumbe ghorofa refu linaamuliwa miaka kabla halijaonekana. Empire State ni mfano mzuri. Hoteli iliyokuwa kwenye kile kiwanja ilianza kubomolewa vuli ya 1929, na soko la hisa likaanguka wakati bomoabomoa inaendelea. Hela ilishatafutwa, ramani zilishachorwa, wenye mradi walishajifunga. Wakasonga mbele. Ujenzi ulianza tarehe 17 Machi 1930 na jengo likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Ghorofa 102, siku 410. Fremu ya chuma ilikuwa ikipanda kwa wastani wa ghorofa 4 na nusu kwa wiki. Siku za pilikapilika kubwa watu zaidi ya 3,000 walikuwa saiti kwa wakati mmoja.

Na gharama ikashuka. Makadirio yalikuwa dola milioni 50 hivi, lakini jengo likaisha kwa karibu milioni 41, kwa sababu mdororo ulishusha bei za vifaa na za kazi. Yaani shida ya mtaani ndiyo ikawa punguzo la tajiri.

Ila kuna upande wa pili. Ile kasi iliyosifiwa ndiyo iliyomaliza kibarua haraka. Mtu wa mjengo anafanya kazi ambayo akiifanya vizuri anajifukuza mwenyewe, na safari hii, jengo lilipokwisha, hapakuwa na jengo la pili linalomsubiri mtaa wa nyuma. Hata ofisi za Empire State zilikosa wapangaji, mpaka watu wa mjini wakalibadilisha jina wakaliita "Empty State", yaani jengo tupu.

Uliobaki ukavuta watu ulikuwa mradi wa Rockefeller Center. Tajiri John D. Rockefeller Jr. alikuwa amekodi eneo katikati ya Manhattan kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, akitegemea jumba la opera lihamie pale. Desemba 1929 watu wa opera wakajitoa. Jamaa akabaki na mkataba unaomtaka kulipa zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka, na eneo lisiloingiza hela ya maana. Angekaa kimya angepoteza, angejenga pia angeweza kupoteza. Akaamua kujenga. Kazi ilianza 1931 na ikaendelea hadi 1939, ikaajiri makumi ya maelfu ya watu kwa miaka yote hiyo.

Desemba 1931, mradi ukiwa bado shimo na vumbi, wafanyakazi walichanga wakanunua mti wa Krismasi wa kama mita 6, wakausimamisha katikati ya saiti na kuupamba kwa mapambo ya kutengeneza kwa mkono. Kuna picha ya siku ile: wanaume wamepanga foleni karibu na mti, wanasubiri mshahara. Ule mti mkubwa wa Rockefeller Center ambao watu wanasafiri kwenda kupiga nao selfi kila Desemba, chanzo chake ni foleni ile ya malipo.

NANI ALIPATA NAFASI?

Hapa ndipo kwenye utamu, na uchungu pia. Watu walikuwa wengi na nafasi chache. Sasa nani alipanda juu?

Kwanza elewa kazi yenyewe. Enzi zile vyuma viliunganishwa kwa ribiti, misumari minene ya chuma iliyopigwa ikiwa moto. Kundi moja lilikuwa la watu 4. Wa kwanza anapasha ribiti kwenye jiko la makaa mpaka iwe nyekundu, kisha anairusha hewani kwa koleo. Wa pili anaidaka kwa mkebe na kuichomeka kwenye tundu. Wa tatu anaikandamiza upande mmoja. Wa nne anaigonga upande wa pili kwa nyundo ya upepo. Mmoja akiumwa, wote wanne hawafanyi kazi siku hiyo, maana hakuna anayetaka kudaka chuma cha moto kutoka kwa mtu asiyemjua.

Kwa hiyo msimamizi alikuwa anachukua kundi zima. Na kundi unaingiaje? Kwa baba, kwa mjomba, kwa kaka, kwa mtu wa kijijini kwenu. Chama cha wafanyakazi wa chuma nacho kilishika mlango, na kadi ya chama ilitembea zaidi ndani ya familia. Ndiyo maana kazi ile ilijaa watu wa sehemu chache tu: Waayalandi, watu wa Newfoundland, wahamiaji wa kutoka Ulaya ya kaskazini, na Wamohawk, wenyeji asilia wa Amerika kutoka Kahnawake, karibu na Montreal.

Wamohawk wana historia yao. Mwaka 1886 kampuni ya reli ilitaka kujenga daraja la kupita kwenye ardhi yao, wakapewa kazi za pale kama sehemu ya makubaliano. Vijana wakapanda kwenye vyuma, wakaiva, wakafundisha wadogo zao. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Quebec lilianguka likiwa linajengwa na kuua watu 75. Kati yao 33 walikuwa wa Kahnawake. Kijiji kimoja, siku moja. Inasimuliwa kuwa baada ya msiba ule akina mama walisema basi, wanaume wote wasiende tena saiti moja, watawanyike. Wakatawanyika, na wengi wakafika New York.

Malipo yalivutia. Mwanzoni mwa mdororo fundi chuma wa chama alipata karibu dola 15 kwa siku, hela ya maana sana wakati ule. Lakini ni kwa siku aliyofanya kazi. Upepo mkali hakuna kazi, mvua hakuna kazi, chuma kikichelewa hakuna kazi. Na kule Empire State wahesabu mahudhurio walikuwa wanapita mara 4 kwa siku kuhakikisha kila aliyeandikwa yupo kweli. Kwenye Kiswahili hali hiyo ina jina tayari: neno kibarua lenyewe limetokana na barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Kikaratasi ndiyo ajira. Kesho ni habari nyingine.

WALIOBAKI CHINI

Ukiitazama picha, Wamarekani weusi hawaonekani. Siyo bahati mbaya. Vyama vingi vya ufundi viliwafungia mlango, hivyo wengi wao waliishia kwenye kazi za kubeba na kuchimba, tena kwa malipo ya chini.

Mwaka 1927 mkandarasi mmoja alishinda zabuni ya kujenga hospitali ya maveterani huko Long Island, New York, akaleta vibarua weusi kutoka Alabama ambao aliwalipa kidogo kuliko viwango vya pale. Mbunge wa eneo lile akaja juu, na safari ile ikaishia kwenye sheria ya Davis-Bacon ya mwaka 1931, iliyosema miradi ya serikali kuu ilipe mshahara wa kawaida wa eneo husika. Ukiisoma juujuu ni sheria ya kumlinda mfanyakazi, na kweli ilizuia watu kushushiana bei. Ila kwa mtu mweusi aliyekataliwa kadi ya chama, bei ya chini ndiyo ilikuwa upenyo wake pekee, na upenyo ule ukabanwa.

Sasa angalia nyuma ya wale wanaume 11. Lile eneo la kijani kwa mbali ni bustani ya Central Park. Ndani yake kulikuwa na bwawa la zamani lililokaushwa, na watu wasio na makazi walijijengea vibanda humo. Vibanda vingi vilikuwa vya mbao na mabati ya kuokota. Kimoja kilikuwa cha matofali, kimesimama vizuri kabisa, kwa sababu waliokijenga walikuwa mafundi matofali wasio na ajira. Septemba hiyohiyo ya 1932 polisi waliingia pale na kuwakamata watu kwa kosa la kulala bustanini.

Mji mmoja, mwezi mmoja. Fundi wa chuma anapigwa picha ya gazeti akila hewani, fundi wa matofali anakamatwa kwa kulala kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Tofauti ya ujuzi wao haikuwa kubwa hivyo. Mmoja alikuwa na mradi na kundi, mwenzake hakuwa navyo.

PICHA ILIKUWA TANGAZO

Ukweli mwingine ni kwamba picha ile ilipangwa. Ilipigwa tarehe 20 Septemba 1932, ghorofa ya 69 ya jengo la RCA, kwa ajili ya kuitangaza Rockefeller Center. Siku ileile zilipigwa nyingine, zikiwemo za wanaume wakijilaza juu ya boriti kama wapo kitandani. Mradi ulikuwa na maelfu ya vyumba vya kupangisha kwenye mji uliojaa ofisi tupu, kwa hiyo kiki ilihitajika kweli. Lakini wanaume wenyewe walikuwa mafundi halisi, na kimo kilikuwa halisi.

Kitu ambacho tangazo halikusema ni hesabu ya ghorofa. Jengo lile lina ghorofa 70, na wao wako ya 69. Kwa mtu wa chuma, kazi ya jengo hilo ilikuwa inaelekea ukingoni.

Baada ya hapo mlango mwingine ulifunguliwa na serikali. Kuanzia 1933 pesa za umma ziliingizwa kwenye madaraja, shule na barabara. Mwaka 1935 ukaanzishwa mpango wa WPA, ambao kwa miaka 8 uliajiri watu wapatao milioni 8 na nusu. Uwanja wa ndege wa LaGuardia ni mmoja wa miradi yake. Kanuni yake ya kuajiri ilikuwa tofauti na ya mjomba: waliotangulia ni waliothibitishwa kuwa na shida, na kwa kawaida nafasi ilikuwa moja kwa kaya. Ubaguzi haukuisha, na malipo yalikuwa ya kubana. Lakini kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu wasio na koneksheni walikuwa na sehemu ya kupeleka jina.

MAJINA YAKO WAPI?

Gazeti lilichapisha picha bila majina ya wale 11. Miongo mingi baadaye watafiti walilinganisha sura na picha nyingine za mradi, wakaridhika na wawili tu. Hata aliyepiga picha bado anabishaniwa, kwa sababu siku ile wapiga picha walikuwa zaidi ya mmoja.

Familia nyingi, kuanzia Ayalandi hadi Slovakia, zimejitokeza kusema yule ni babu yetu, yule ni baba yetu. Unaelewa kwa nini. Mtu aliyekaa kwenye boriti ile mwaka 1932 alikuwa na kazi, na nyumbani kwake siku hiyo walikula. Babu wa watu wengi zaidi alikuwa chini, kwenye foleni ya mkate au ya kusubiri msimamizi aite jina. Foleni zile nazo zilipigwa picha nyingi tu. Hakuna anayezitundika saluni.